Damejani ya Divai Nyeupe

Wenzangu wa ghalani,

Tangu siku ile mliponiaga kwa keki na maua mmenisumbua niandike. Eti, "Maman Solange, wewe ndiye uliyebaki na habari za zamani, ziandike kabla hujazisahau." Haya, naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alinuna kwa sababu hiyo, sitagusa; hayo mnayajua, na msiyoyajua mmeyatunga. Nitaandika habari za divai nyeupe ya Italia, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha Brussels, na habari za Renzo aliyenifundisha kuishika. Na kwa kuwa mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli kwamba damejani iliwahi kutoka Italia mpaka hapa ikiwa imefungwa mkanda wa usalama kama abiria, nitajibu na hilo. Ni kweli. Ilikaa kiti cha mbele.

Nilianza kazi wakati ule sarafu za yuro zilipokuwa bado mpya na zinang'aa. Niliajiriwa kupiga deki. Ghala lilikuwa palepale lilipo leo, Anderlecht karibu na mfereji, na sakafu yake ilikuwa na unyevu hata wakati wa joto. Nilikuwa nakaa Ganshoren, kwenye ghorofa tulivu mno ambako jirani aliweza kuja kunilalamikia kwa kukaanga vitunguu. Kwetu ni Likasi, Katanga. Baba alikuwa mtu wa shaba, mama alikuwa mtu wa munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi. Mimi nilimaliza shule, nikafanya hiki na kile, kisha nikamfuata kaka yangu Ulaya. Divai niliijua ya aina moja tu: nyekundu, tamu, ya harusini. Ile nyeupe nilidhani ni nyekundu iliyoongezwa maji.

Mkuu wa ghala alikuwa Renzo. Mtu mfupi, mpana, mjane, kutoka vilima vya Friuli, kule Italia inakopakana na Slovenia. Alivaa aproni ya bluu iliyofuliwa mpaka ikawa kijivu, na mfukoni hakukosa kizibuo, kitambaa safi na kipande cha mshumaa cha kumulikia chupa. Patron, yaani bosi wetu wa wakati ule, Mbelgiji mwenye mama Muitaliano, alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Yeye aliuza, Renzo alitunza. Renzo hakumsalimu mtu asubuhi kabla hajaonja kitu. Wiki ya kwanza niliona ni kiburi tu. Baadaye nilielewa kwamba kinywa chake kilikuwa chombo cha kazi, na kabla ya saa nne hakutaka kukitumia kwa mambo ya kipuuzi kama bonjour.

Kosa langu la kwanza mnalijua nusu, leo mlijue lote. Ilikuwa majira ya baridi, mzigo wa divai nyeupe ulikuwa umelala mlangoni, na mimi nafuta chupa vumbi. Nikainua moja kwenye mwanga. Chini kulikuwa na vipande vinang'aa. Nikainua nyingine: vipande. Mtoto wa Likasi najua jiwe na najua kioo, na hivi niliapa ni vioo. Nikatoa makasha yote nje ya mstari, nikaandika DANGER kwenye kadibodi kwa kalamu nene, nikasimama mbele ya forklifti na fagio la deki mkononi, nikakataa katakata mtu asipite. Renzo aliitwa. Alizibua chupa moja, akaimimina kwenye kile kitambaa chake, akachukua vile vipande kiganjani, akavitia mdomoni na kuvitafuna.

Nilipiga kelele mpaka patron akatoka ofisini.

"Solange," Renzo akasema, meno yakilia kama anatafuna mchanga, "hii ni chumvi ya zabibu. Divai ikipigwa na baridi, chumvi yake inaganda inashuka chini. Haiui mtu. Onja."

Nikaonja. Ilikuwa chachu kama ukwaju. Watu wa ghala walicheka wiki nzima, na mmoja alinibandika jina la Madame Danger ambalo najua bado mnalitumia mkidhani sisikii. Lakini Renzo hakucheka. Alisema katika watu wote waliopita pale, mimi ndiye wa kwanza kutazama chini ya chupa. Muda si mrefu deki nikaiachia mwingine. Ilikuwaje, hiyo ni habari ya vyeo, naipita.

Masomo yalikuwa saa ya chakula cha mchana. Renzo alinunua zabibu kwenye soko la jirani, nyeusi na za kijani, akanipa moja nyeusi. "Kamua." Nikakamua kwenye sahani, na maji yakatoka meupe. Nilifikiri amenichezea. Nikakamua ya pili, vilevile. "Rangi iko kwenye maganda," akasema. "Ukiyaacha maganda yalale na maji yake, unapata nyekundu. Ukiyatenganisha mara moja, unapata nyeupe. Kazi yote ya divai nyeupe ni kutenganisha mapema na kwa upole." Akanieleza jinsi kwao wanavyochuma asubuhi kabla jua halijapanda, wanavyokamua taratibu ili mbegu zisipasuke na kutoa uchungu, wanavyoyalaza yale maji kwenye baridi mpaka takataka zitulie chini, ndipo wayahamishe yaliyo safi na kuyaacha yachachuke polepole kwenye tangi la baridi, mbali na hewa. Ikipata joto inachemka ovyo na harufu yote inaruka. Ikipata hewa inageuka kahawia kama tofaa lililoumwa likaachwa.

"Nyekundu ina maganda yake, ina nguo," alipenda kusema. "Hii ya kwetu iko uchi. Kosa lolote litaonekana."

Wengi wenu hamkuikuta divai ya nyumba. Siku hizo ilikuja na lori la tangi kutoka Veneto, ikapumzika kwetu, tukaichuja na kuitia chupani wenyewe kwa ajili ya mikahawa ya Waitaliano. Pampu ilikuwa na kelele za mashine ya kusaga, mipira ya kupitishia divai ilikuwa mizito, na chujio la sahani lilikuwa na sahani nyingi za kuosha moja moja kwa maji ya moto. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nina sikio. Tangi moja lilikuja linadaiwa kuwa limetulia. Mimi nikaweka sikio kwenye bomba nikasikia munkoyo wa mama. Vile vishindo vidogo vya kitu kinachochachuka kimyakimya. Tungeitia chupani siku ile, ingerusha vizibo katika kila mkahawa wa Ixelles. Renzo naye akaweka sikio lake, tukabaki pale pua kwa pua, kila mmoja upande wake wa bomba, na nadhani ndiyo siku niliyoona kwamba ana macho ya kijani.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya mayai. Mwenye mkahawa alipiga simu akisema divai yetu inanuka mayai yaliyooza, na kweli, tulipozibua ya kwetu, ilinuka hivyo. Divai nyeupe ikifungiwa sana pasipo hewa hufanya visirani vya namna hiyo. Patron alikaa juu ya kasha akashika kichwa. Ilikuwa tangi zima. Renzo akanitazama mkono. Nilikuwa nimevaa bangili ya shaba aliyoniachia mama.

"Hiyo ni shaba kweli?"

"Ni ya Likasi," nikasema. Niliona hilo ni jibu tosha.

Akaiosha, akaitumbukiza ndani ya gilasi, akazungusha kidogo, akaninusisha. Mayai yalikuwa yamekwenda. Chini yake kulikuwa na harufu ya peasi na majani mabichi, ile yenyewe tuliyoijua. Patron alitaka kububujikwa na machozi. Tukaazima faneli ya shaba ya mzee mmoja mtengeneza jemu, tukaipitisha divai ndani yake taratibu mpaka ikatulia, kisha ikapelekwa maabara kupimwa kabla ya kuuzwa, maana shaba ikizidi si mchezo. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema shaba ya Katanga imewanufaisha wengine tu, mwambieni iliwahi kunywewa na Waitaliano wa Brussels kwenye spageti zao na hawakujua.

Sasa nifike pale mnapopataka.

Nilimpenda Renzo. Naliandika hivyo hivyo, kavu, kwa sababu nilipokuwa nalificha kila mtu alilijua. Nilikuwa nimevuka arobaini bila kuolewa. Mama aliugua miaka mingi na mimi ndiye niliyekuwa naye, halafu safari, halafu kazi. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimezoea. Siku moja tunaosha sahani za chujio, Renzo akasema bila kuinua kichwa:

"Solange, tunakula mchana pamoja tangu lini?"

"Sijahesabu."

"Basi tule na jioni."

Maji ya moto yaliniingia kwenye glavu na sikuyasikia. Nikamjibu kwamba jioni zangu zina mwenyewe, na mwenyewe ni kaka yangu mkubwa, na mtu akizitaka sharti akamwombe yeye. Renzo alifikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Yaya Augustin (kwetu mkubwa wako ni yaya) alikuwa na duka la vitenge ndani ya Galerie d'Ixelles, pale Matonge, mtaa wa Wakongo, katikati ya saluni mbili. Ndiye aliyenipokea Ulaya, akanilipia tiketi, akanilaza kwenye kochi lake mwaka mzima. Baba alipofariki, yaya akawa baba. Marafiki zangu Wabelgiji waliniambia nenda commune na Renzo, ile ofisi ya manispaa inayofungisha ndoa, mtie sahihi, kwisha habari, na kisheria walikuwa sawa. Mimi nilimtaka Renzo na nilitaka baraka ya yaya. Nilivitaka vyote viwili, sikutaka kuchagua.

Tukaenda. Renzo alivaa tai. Yaya alitupokea nyuma ya duka, akakaa juu ya marobota ya vitenge kama hakimu, na jambo la kwanza akaweka sheria.

"Mambo ya mali hatusemake mu français," akasema. Mali ndiyo mahari kwetu. "Solange, weye njo utamuelezea."

Kwa hiyo ndugu wawili wenye Kifaransa safi na mchumba mwenye Kifaransa chake cha Kiitaliano walijadiliana kwa Kiswahili, mimi katikati nikitafsiri. Bei tu ndizo yaya alizitaja kwa Kifaransa, maana hakuna Mkongo anayejua kutaja bei kwa lugha nyingine.

"Bon. Muntu akitaka bibi wa kwetu, analeta costume ya miye, mu nafasi ya baba. Analeta kitenge ya batantine. Analeta na damejani moja ya divai nyekundu. Bila damejani hakuna mali, alors hakuna ndoa."

Suti ya yaya na vitenge vya shangazi zetu nilikuwa bado navitafsiri, Renzo akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Damigiana?" akasema. "Amesema damigiana?"

Hamjaiona siku hizi, basi niwaambie. Ni chupa kubwa ya kioo, tumbo kubwa, shingo fupi, imevikwa kikapu, na ikijaa inahitaji watu wawili. Wabelgiji walituletea Kongo na jina lake la Kifaransa. Sisi tukalifanya damejani na kuliingiza kwenye ndoa zetu. Kwa kina Renzo ni damigiana, na kila nyumba vilimani kwao ina mbili tatu chini ya ngazi. Hakuwahi kufikiri kwamba angelisikia neno la nyanya yake kutoka kinywani mwa mtu wa Likasi. Akasimama, akamkumbatia yaya pamoja na marobota, akaanza kuhadithia damejani za babu yake. Mimi nikamwambia nyekundu, tena mara mbili. Alikuwa hasikii. Alikuwa amekwisha fika utotoni.

Ndiyo safari ile ya mkanda. Alikwenda kwao, akachukua divai ya shamba la marehemu baba yake, linalotunzwa na dada yake, akaijaza damejani, akaivusha milima ya Alpi kwenye kiti cha mbele. Alikuja nayo moja kwa moja kwa yaya siku ya sherehe, na mimi nikaiona pamoja na watu wote, sebuleni, katikati ya zulia. Tantine Agnès, dada mdogo wa baba, ndiye aliyeinama kwanza akachungulia shingoni.

"Iko na mafuta!" akasema. "Yesu! Ametuletea mafuta ya kupikia!"

Nikaeleza kwamba kwao humimina mafuta kidogo juu ya divai ili hewa isiiguse. Renzo, jasho likimtoka, akayanyonya na pamba mpaka yakaisha, akamimina gilasi ya kwanza akampa yaya. Yaya akaiinua kuelekea dirishani. Niliona mwanga wote wa mtaa ukipita ndani yake.

"Hii njo mayi," akasema. Mayi kwetu ni maji.

"Yaya, ni divai. Ni nyeupe."

"Miye nilisema nyekundu. Baba alioa mama na nyekundu. Miye nilioa na nyekundu. Weye unataka bantu baseme dada ya Augustin walimuoa na mayi?"

Nikatafsiri, nikipunguza makali. Renzo naye akajibu, nikapunguza makali upande wa pili: kwamba nyekundu hata mvivu anaweza kuifanya, nyeupe ndiyo inayomvua mtu nguo, kwamba kila zabibu ya mle ndani imetoka kwenye mizabibu ya baba yake. Mwisho yaya akavunja sheria yake mwenyewe akasema kwa Kifaransa, polepole, kama anazungumza na mtoto, kwamba duka la pale chini linauza nyekundu, ashuke anunue, tumalize.

"Siwezi kuoa kwa divai ya mtu mwingine," Renzo akasema.

Wote wawili walikuwa na haki na wote wawili ningewapiga makofi. Damejani ikarudishwa kwenye gari. Haibebeki na mtu mmoja, kwa hiyo nilishika upande wa pili, na tulipokuwa tunashuka ngazi yaya alisimama juu akitutazama.

Miezi iliyofuata sitaki kuipamba. Yaya hakunipigia simu. Nikipita Matonge nilizunguka upande wa pili ili nisipite mbele ya duka. Renzo aliniambia twende commune basi, mimi nikakataa, tukanuniana kati ya mapaleti, na nyinyi mliokuwapo mlifikiri ni habari ya ile pampu mpya. Nililia chooni zaidi ya mara moja. Nikaanza kufikiri kwamba nitazeeka na baraka bila mume au mume bila kaka, na kila nikipima moja, nyingine iliniuma.

Halafu siku moja, mchana, Renzo akaweka kijiko chini. "Babu yangu," akasema, "hakuwa na mashine nzuri ya kukamulia. Zabibu za kijani alizitupa pipani na maganda yake, kama nyekundu. Wiki nyingi. Divai yake ilikuwa na rangi ya chai. Baba aliionea aibu, akanunua mashine, akaanza kufanya nyeupe kama watu wa kisasa."

"Wewe umewahi kuifanya?"

"Kamwe."

Zabibu ya kwao inaitwa ribolla, ina ganda nene la manjano. Aliamua kuyafanya mavuno yote ya mwaka ule kwa namna ya babu yake. Nikamwambia afanye pipa moja tu la kujaribia. Akasema pipa dogo linapata joto vibaya na linageuka siki, na kwamba mtu haendi kuposa na jaribio. Ikiharibika, ndio mwaka mzima umekwenda, na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa mwaka hadi mwaka.

Nikachukua likizo yangu yote nikaenda naye. Miaka yote ile nilikuwa nimeishika divai ikiwa imekwisha zaliwa. Sasa ndiyo kwanza nikaiona inazaliwa. Vilima vyenyewe ni vidogo, udongo wake unavunjika mkononi kama biskuti, na dada yake Renzo alinipa viatu vya mpira na kunitazama hatua zangu kwa wasiwasi wote wa wifi. Tukachuma zabibu, tukazitoa vikonyo, tukazitupa kwenye pipa lililo wazi na maganda yake. Siku chache baadaye zikaanza kuchemka, na maganda yakapanda juu yakafanya kofia nene. Hiyo kofia sharti isukumwe chini kwa mchi wa mbao, asubuhi na jioni na katikati, la sivyo inakauka na kuoza. Renzo alisukuma siku ya kwanza, ya pili mgongo ukamkamata, akabaki ameinama kama kona ya ukuta. Nikamnyang'anya mchi. Nilikulia kwenye kutwanga sombe, yaani kisamvu. Mikono ilikumbuka yenyewe. Nilitwanga mpaka mabega yakawaka, na kila nikichota kuangalia, rangi ilikuwa imesogea: kwanza majani makavu, kisha asali, kisha shaba iliyosuguliwa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiandikeje. Kila jioni nilinuka chachu na nilitamani mama angeninusa.

Tuliporudi Brussels divai ilibaki kule pipani, nasi tukabaki na hofu. Pasaka Renzo alikwenda akarudi na kichupa ndani ya soksi. Tukaonja ghalani mlango umefungwa. Ilikuwa chungu kama kwinini. Tukarudi kupanga makasha. Lakini uchungu wa maganda hulainika ukipewa muda, na kiangazi kilipopita kichupa cha pili kilikuwa na ladha ya chai ya rangi, maganda ya chungwa na aprikoti kavu, yale matunda madogo ya manjano ya Ulaya, na mwishoni ikashika ulimi kama nyekundu inavyoshika. Renzo alikunywa akakaa chini. Mimi nikachukua simu, nikampigia yaya kwa mara ya kwanza tangu zile ngazi.

"Yaya, anakuya tena."

"Na nyekundu?"

"Kuya uone."

Sebule ileile, zulia lilelile, tantine Agnès na miwani mipya. Safari hii Renzo aliyatoa mafuta kabla hajaingia mlangoni. Akamimina. Yaya akaiinua dirishani, na mwanga ukakwama ndani ya gilasi, ukawa wa rangi ya shaba.

"Hii haiko nyekundu," akasema.

"Haiko nyekundu," nikasema.

"Lakini haiko mayi." Akanywa. Akaikalisha mdomoni, akameza, akanywa tena bila kuombwa. Tantine akasogeza gilasi yake naye. "Njo ameifanya yee mwenyewe?"

Furaha ilinipanda kichwani, nikamwaga yote. "Yee na miye, yaya! Miye njo nilikuwa natwanga, asubui na magaribi, kama sombe. Angalia mikono yangu!"

Tantine akairudisha gilasi mezani.

"Solange," yaya akasema. "Weye umetumika kazi ya hii divai?"

"Ndiyo, yaya."

"Donc umejioa weye mwenyewe."

Mali inatoka upande wa mume kuja upande wetu. Na mimi nilikuwa nimeitwanga mali yangu mwenyewe kwa mikono yangu, nikaivusha milima, nikamletea kaka yangu jasho la dada yake. Naapa halikuwa limenipitia akilini. Ghalani mpira ukidondoka, anaushika aliye karibu. Nikasema yaliyokuwapo, maana sikuwa na mengine.

"Yaya, mugongo ilikuwa inamuuma. Ningemuachia? Ile mutu nimemupenda. Na weye nimekupenda. Nimechoka kukaa mu katikati."

Yaya akaagiza viletwe vyombo vyote vya jikoni, jagi, mabidoni, yaani madumu, sufuria la wali, na akamwonyesha Renzo kwa kidole: toa. Renzo akaingiza mpira wake shingoni, akanyonya, akaachia, na divai ikashuka. Ikajaza jagi. Ikajaza mabidoni. Ilipofika katikati ya tumbo la damejani, yaya akainua mkono: simama.

"Bon," akasema, na safari hii alisema na watu wote. "Ile iko mu mabidoni ni jasho ya dada yangu. Arudishe kwake, haiingie mu mali. Ile inabakia mu damejani ni ya huyu muntu. Tumepokea. Lakini ni nusu!" Akamsogezea Renzo kidole mpaka karibu na pua. "Nusu! Mwaka ingine akuye na ile nusu ingine. Na kama haitafika ku shingo, akuye tena mwaka ule ingine. Na dada yangu asiguse hata zabibu moja."

Tantine Agnès akapiga vigelegele. Watu wakainuka, wakaanza kupongezana kwa kupigana mabegani, maana sote tulijua: kwetu hakuna mkwe anayemaliza mali yote, akishamaliza atabisha hodi kwa sababu gani? Renzo peke yake hakujua. Aliona divai yake imetolewa nusu, aliona kidole, alisikia ukali. Alikuwa ameshika mpira unaodondosha divai kwenye zulia la yaya, akaniinamia sikioni.

"Amekataa tena? Solange, amesema nini?"

Nikauchukua ule mpira mkononi mwake, nikauziba kwa kidole gumba.

"Amesema uwe unakuja."